HESABU KABLA YA MSAMAHA
Risala katika haki za ndugu na washirika wafanyao biashara pamoja

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyewahalalishia waja wake biashara yenye ridhaa ya pande zote, na sala na salamu zimfikie Bwana wetu Muhammad, aliyekuwa mfanya biashara mwaminifu kabla hajapewa utume, na Aali zake na Sahaba zake wote.

Amma baad. Katika mambo yanayowatenga Waislamu wa pwani hii, ndugu na ndugu, ami na mtoto wa nduguye, rafiki na rafiki, hakuna lifanyalo kazi yake kimyakimya kama biashara ya watu wawili isiyojulikana mipaka yake. Utawaona watu wamekula sinia moja tangu utotoni, wamesoma chuo kimoja, kisha wakafungua duka pamoja. Na baada ya miaka kumi hawaamkiani msikitini, na mmoja akimwona mwenziwe katika safu huenda kusimama safu nyingine. Ukiuliza sababu utaambiwa kuwa ni mali. Lakini mali haina ulimi wala mkono. Sababu yake aghalabu ni neno lililopasa kusemwa siku ya kwanza, na kila mmoja akaona haya kulisema.

Na wanaoingia katika mtego huu husema maneno mawili. La kwanza husemwa mwanzo wa biashara: "Sisi ni ndugu, kuandikiana ni kudhaniana vibaya." La pili husemwa mwisho, wakisha kugombana: "Yaacheni madaftari, sameheaneni yaishe." Maneno yote mawili yana sura ya wema, na ndani yake mna haki za watu zinazopotea. Risala hii imekusanya yale waliyoyasema maulamaa wa madhehebu ya Imam Shafi'i katika mlango huu, ili ipate kubainika kuwa kuandika ni katika wema, na kuwa msamaha una mahali pake, na mahali pake ni baada ya hesabu.

FASILI YA KWANZA
Katika kuandika na kushuhudisha

Jua, ewe ndugu, ya kuwa aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani ni aya ya 282 ya Surat al-Baqara. Na aya hiyo haikuja kueleza sala wala saumu. Imekuja kueleza deni: liandikwe vipi, na mwandishi awe mwadilifu, na mwenye kudaiwa ndiye atoe maneno ya kuandikwa, na mashahidi wawe wangapi, na watu wasichoke kuliandika likiwa dogo au likiwa kubwa. Biashara ya mkono kwa mkono ndiyo iliyoachiwa ipite pasi na maandishi.

Sasa na atazame mtu ni nani waliosemezwa kwa aya hiyo. Hawakusemezwa wezi wala wanafiki. Walisemezwa walioamini, na wa kwanza kuisikia ni Masahaba, walioachiana majumba na mashamba kwa ajili ya dini. Basi mwenye kusema kuwa kuandikiana ni dalili ya kukosa imani, je, anadhani imani yake kwa nduguye imepita imani waliyokuwa nayo Masahaba wao kwa wao?

Ni kweli kuwa jumhuri ya maulamaa, na Imam Shafi'i miongoni mwao, wamesema amri hiyo ni ya sunna wala si ya wajibu. Watu wengi wameshika neno hilo na kulifanya ngao. Lakini mtu yule yule asiyeacha sunna za kabla na baada ya sala, mbona sunna hii huiacha maisha yake yote, ilhali sala ya sunna akiiacha hapana aliyedhulumiwa, na hii akiiacha huenda wakadhulumiwa mayatima?

Kwani wanaofanya biashara si wao peke yao watakaoitolea hesabu. Mtu mwaminifu hufa, na uaminifu wake haurithiwi kama zinavyorithiwa nyumba zake. Leo Zaid na Amri wanajuana kwa macho. Kesho Zaid amekufa, na mbele ya Amri wameketi watoto wa Zaid, ambao hawakuwako siku ya makubaliano, na mjane wa Zaid yumo eda, na kila mmoja amesikia kisa chake. Amri akisema kweli hana wa kumsadiki, na akisema uongo hana wa kumkanusha. Wahenga wa pwani wamesema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Na kabla haijapotea mali hupotea sifa ya mtu mwema, akaitwa mwizi naye si mwizi.

Na ifahamike kuwa katika madhehebu haya karatasi peke yake si hoja iliyokamilika mbele ya kadhi, kwani hati huweza kuigwa. Hoja ni mashahidi. Basi wenye kuandika na waite watu wawili waadilifu, wasomewe maneno yote, watie saini zao, na kila mshirika akae na nakala yake.

FASILI YA PILI
Katika sharika inayosihi na isiyosihi

Mafakihi wametaja sharika aina nne. Ya kwanza ni sharika ya inani, nayo ni watu kuchanganya mali yao ili waifanyie biashara. Ya pili ni sharika ya miili, kama mafundi wawili wa seremala wasemao, "Kila tutakachochuma kwa mikono yetu ni nusu kwa nusu." Ya tatu ni mufawadha, kushirikiana katika kila kipato na kila gharama. Ya nne ni sharika ya nyuso, watu wawili kununua kwa deni kwa sababu ya majina yao mazuri sokoni, kisha wagawane faida. Katika madhehebu ya Imam Shafi'i inayosihi ni hiyo ya kwanza tu, na tatu zilizobaki ni batili, ingawa maimamu wengine wamejuzisha baadhi yake.

Na sharika ya inani ina masharti yake. Mali za wote wawili ziwe za namna moja, na zichanganywe kabla ya mkataba hata zisitambulikane tena. Na kila mmoja ampe mwenziwe idhini ya kuuza na kununua. Na faida na hasara ziende kwa kadiri ya mali, si kwa kadiri ya kazi. Kwa hiyo mmoja akileta gari na mwingine akileta fedha, wakasema "sasa sisi washirika", hiyo si sharika ya inani. Gari lingali la mwenyewe na fedha zingali za mwenyewe. Njia waliyoitaja wanazuoni ni kuwa kila mmoja amuuzie mwenziwe sehemu ya kitu chake kwa sehemu ya kitu cha mwenziwe, ili vyote viwe milki yao ya pamoja, kisha ndipo wapeane idhini.

Hapa ndipo penye ugomvi mwingi, na mfano utabainisha. Zaid ametoa shilingi 600,000 na Amri ametoa 300,000, wakafungua duka la vitambaa. Zaid ana kazi yake bandarini, haonekani dukani ila Ijumaa. Amri ndiye afunguaye na kufunga, apokeaye mizigo na kubishana na wanunuzi. Wakaambiana kwa mdomo kuwa faida itakuwa nusu kwa nusu. Baada ya mwaka ikapatikana faida ya shilingi 180,000. Zaid akaanza kuona kuwa mali yake ndiyo nyingi, na Amri akaona kuwa jasho lote ni lake.

Hukumu yake ni kuwa sharti lile la nusu kwa nusu limeufisidi mkataba. Biashara waliyoifanya imepita, kwa sababu idhini ilikuwako. Lakini faida hurejea katika kadiri ya mali, Zaid 120,000 na Amri 60,000, kisha kila mmoja humdai mwenziwe ujira wa mfano kwa kazi aliyoifanya katika mali ya huyo mwenziwe. Ikiwa muuza duka kama Amri hulipwa shilingi 120,000 kwa mwaka, basi thuluthi mbili za kazi yake zilikuwa katika mali ya Zaid, naye humdai Zaid 80,000. Zaid ataondoka na 40,000 na Amri ataondoka na 140,000, na hakuna hata mmoja wao aliyekusudia hivyo.

Je, hawakuwa na njia ya kuifikia ile nusu yao kwa halali? Walikuwa nayo, na ni nyepesi. Wangalizichanganya fedha zao kwanza, kisha Zaid, naye hana sharti la kufanya kazi, amwambie Amri, "Nimekupa sehemu yangu kwa kiradhi, na robo ya faida yake ni yako." Faida ya 180,000 ikitoka, 60,000 ni ya Amri kwa mali yake, na 120,000 ni faida ya sehemu ya Zaid, robo yake, 30,000, ni ya Amri kwa kazi yake. Kila mmoja ataondoka na 90,000. Maneno machache mbele ya mashahidi yalitosha kuwahifadhi ndugu wawili.

FASILI YA TATU
Katika kiradhi

Kiradhi ni mtu kutoa fedha na mwingine kufanya biashara, na faida iwe baina yao kwa sehemu ijulikanayo, nusu au thuluthi au robo. Hasara, bila ya uzembe wa mfanya kazi, ni juu ya mali. Mwenye mali hupoteza mali yake, na mfanya kazi hupoteza jasho lake. Wala haifai kumwekea mmoja wao kiasi maalumu, kama kusema, "Kila mwezi nipe shilingi elfu tano, ikipatikana faida au isipatikane." Neno hilo ni maarufu sana katika maduka, na ni batili, kwani huenda faida nzima isifike kiasi hicho.

Mtume (S.A.W.) kabla ya utume alisafiri kwenda Shamu na mali ya Bibi Khadija (R.A.A.), naye alichagua kumpa mali yake kwa sababu ya uaminifu aliousikia. Na katika Muwatta ya Imam Malik kimepokewa kisa cha wana wawili wa Sayyidna Omar, Abdallah na Ubaidallah. Walikuwa wakirudi katika jeshi la Iraki, wakapita kwa Abu Musa al-Ash'ari aliyekuwa liwali wa Basra, naye akapenda kuwafaa. Akawakopesha mali ya hazina iliyokuwa iende Madina, wanunue bidhaa za Iraki, wakifika waziuze, wampe baba yao rasilimali na wao wabaki na faida. Wakafanya hivyo wakapata faida. Sayyidna Omar akauliza kama kila askari alikopeshwa vivyo hivyo. Walipojibu kuwa sivyo, alijua kuwa wamekopeshwa kwa ajili ya jina la baba yao, akataka walete mali na faida yake yote. Abdallah akanyamaza, Ubaidallah akajibu kuwa lau mali ile ingaliangamia wao ndio wangaliilipa. Ndipo mmoja wa waliohudhuria akatoa shauri kuwa ihesabiwe kiradhi, na Sayyidna Omar akakubali: hazina ikachukua rasilimali na nusu ya faida, na wao wakachukua nusu.

Katika kisa hiki mna mazingatio makubwa. Sayyidna Omar hakuwaachia wanawe kwa sababu ya ubaba, wala hakukataa kusikia hoja ya Ubaidallah kwa sababu ya ukali. Alisikia kila upande, akatazama jinsi mali ilivyopatikana, kisha akaikubali njia iliyompa mwenye mali haki yake na mwenye kazi haki yake. Leo baba mwenye duka akihukumu baina ya wanawe, au mzee wa mtaa akiketishwa baina ya washirika, afuate mwendo huo.

FASILI YA NNE
Katika duka la baba na duka la mirathi

Huku ndiko wanakodhulumiwa wengi, nao hawajui ya kuwa wanadhulumiwa, na mara nyingi anayedhulumu naye hajui.

Kijana huingia dukani kwa baba yake akiwa na miaka kumi na minane. Ndugu zake husafiri, mmoja Ghuba, mmoja Uingereza, yeye hubaki. Hana mshahara, hula nyumbani na hupewa cha mfukoni. Baba humwambia mara kwa mara, "Hili duka ni lako." Miaka ishirini hupita, baba hufa, na ndugu wote hurudi. Kijana, ambaye sasa ana mvi, husema, "Duka ni langu, baba alinipa." Na hukumu inasemaje? Hiba haitimii kwa neno. Hutimia kwa kutoa na kupokea na kukabidhi. Madhali funguo, na leseni, na fedha vilikuwa mkononi mwa baba hata kufa kwake, duka ni mirathi. Na ujira wake wa miaka ishirini? Kauli yenye nguvu katika madhehebu, nayo ndiyo iliyomo katika Minhaj ya Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, ni kuwa mwenye kumfanyia mtu kazi bila ya kutaja ujira hana ujira. Ziko kauli nyingine katika madhehebu zisemazo kuwa mtu ajulikanaye kwa kuifanya kazi hiyo kwa malipo apewe ujira wake, na baadhi ya maulamaa wameiona kauli hiyo kuwa nzuri. Lakini kijana wa dukani hawezi kuyajenga maisha yake juu ya kauli iliyo dhaifu.

Basi ni nani aliyemwonea kijana huyu? Sharia haikumwonea, sharia ilimwambia yeye na baba yake waseme. Aliyemwonea ni haya ya uongo, iliyomfanya baba aone kuwa kutaja mshahara wa mwana ni kumfanya mtumishi, na ikamfanya mwana aone kuwa kuuliza ni utovu wa adabu. Baba mwenye kumpenda mwanawe amtajie ujira, au ampe sehemu ya mali na kumkabidhi akiwa hai na mzima, na awakumbuke na wale wengine, kwani kuwasawazisha watoto katika hiba ni sunna, na kumfadhilisha mmoja bila sababu ni makuruhu.

Ama duka la mirathi, mfano wake ni huu. Bakri amekufa, ameacha mke, na wana wawili wa kiume, na binti mmoja, na duka lenye thamani ya shilingi 800,000 baada ya kulipwa madeni. Mke ana thumuni, 100,000. Kila mwana wa kiume ana 280,000. Na binti ana 140,000. Tangu saa ile aliyokata roho, mali ni yao wote. Lakini desturi ya watu ni kuwa mwana mkubwa hushika funguo, na biashara huendelea kana kwamba aliyekufa ni jina la baba tu. Mama hupewa posho, na binti aliyeolewa hupewa zawadi za Idi. Posho ya mama na zawadi ya binti si mirathi. Ndugu huyo anawalisha kwa mali yao wenyewe, nao humshukuru kwa ukarimu wake.

Na ikiwa miongoni mwa warithi yumo aliye mdogo, jambo huwa zito zaidi. Ndugu mkubwa si walii wa mali ya yatima kwa sababu ya ukubwa wake; walii ni babu mzaa baba, kisha wasii aliyeusiwa, kisha kadhi. Ikiwa warithi ni watu wazima na walimpa idhini ya kufanya biashara kwa ajili yao wote, yeye ni wakili wao, na mali na faida yake ni yao kwa kadiri ya mafungu yao. Ikiwa hawakumpa idhini, basi hukumu ya kila bidhaa aliyoinunua inahitaji kupambanuliwa, kama aliinunua kwa fedha ile ile ya mirathi au kwa deni la dhima yake. Ni nani awezaye kuyapambanua hayo baada ya miaka kumi? Kwa hiyo dawa ni kugawa mirathi mapema, siku ambazo machozi hayajakauka na nyoyo bado ni laini. Wakitaka kubaki pamoja, wagawe kwanza kwa hesabu, kila mtu ajue fungu lake, kisha wafunge mkataba mpya kwa hiari yao.

FASILI YA TANO
Nani husadikiwa wakikhitilafiana

Asili ya hukumu ni kuwa mwenye kudai ndiye wa kuleta ushahidi, na mwenye kukana ndiye wa kuapa. Juu ya asili hiyo yamejengwa haya yafuatayo, nayo yatamtosha mtu wa dukani.

Mkono wa mshirika ni mkono wa amana. Akisema mali imepotea au biashara imepata hasara, au kuwa amemrudishia mwenziwe fungu lake, husadikiwa kwa kiapo chake. Ila akidai kuwa imeangamia kwa jambo la dhahiri, kama moto ambao majirani hawakuuona, hutakiwa kwanza athibitishe kuwa moto huo ulikuwako. Mwenye kitu mkononi akisema, "Hiki ni changu," na mwenziwe akisema, "Hiki ni cha sharika," husadikiwa mwenye kitu mkononi. Lakini akisema, "Tuligawana, na hiki kikawa fungu langu," husadikiwa yule anayekana kugawana, kwa sababu asili ni kuwa hawakugawana. Na mshirika akinunua kitu akasema amekinunulia sharika, au amejinunulia nafsi yake, neno ni lake, kwani yeye ndiye ajuaye nia yake. Na katika kiradhi wakikhitilafiana kuhusu fungu la faida, mmoja akasema nusu na wa pili akasema thuluthi, wote wawili huapishwa, na mfanya kazi hupewa ujira wa mfano.

Tazama jinsi hukumu hizi zinavyomwachia mwenye kushika mali nafasi pana. Hazikuwekwa ili apate kujificha ndani yake. Ziliwekwa kwa sababu bila ya kumwamini mwenye kushika mali hapana biashara isimamayo. Naye akiapa kwa uongo amejitwisha madhambi ya kiapo na ya mali pamoja. Katika zama hizi ambapo fedha za duka huingia katika simu ya mshirika mmoja, zikachanganyika na fedha za karo ya watoto wake na za sokoni, amana hii imekuwa ngumu kuliko ilivyokuwa zamani za sanduku lenye kufuli. Na ajiwekee duka namba yake peke yake na daftari lake peke yake, wala asitegemee kuwa atakumbuka.

FASILI YA SITA
Katika sulhu na msamaha

Ugomvi ukizuka, wazee husema, "Gawaneni nusu kwa nusu, yaishe." Na wengi hudhani kuwa neno hilo ni sulhu ya kisharia. Katika madhehebu ya Imam Shafi'i sulhu husihi pamoja na kukiri. Ama sulhu juu ya kukana, mmoja anadai na wa pili anasema hadaiwi kitu, kisha akampa sehemu ili anyamaze, hiyo ni batili. Maimamu Abu Hanifa na Malik na Ahmad wameijuzisha, na khitilafu yao ni rehema. Lakini itazamwe sababu ya Mashafi'i. Mdai akiwa mwongo, amekula kisicho chake. Akiwa mkweli, amezuiliwa kilicho chake. Mpatanishi hakuondoa dhuluma, aliigawanya. Basi mpatanishi ambaye hajafungua daftari wala kuuliza mashahidi bado hajaianza kazi yake.

Na mfano wa hayo ni neno "nisamehe". Mtu akitaka kwenda Hija, au akiwa mgonjwa kitandani, huwaita washirika wake akawaambia, "Nisameheni kila kitu," nao kwa huruma hujibu, "Tumekusamehe." Hakika kauli ya Imam Shafi'i iliyo mpya ni kuwa kusamehe deni lisilojulikana kiasi chake ni batili. Vipi mtu atakitoa asichokijua? Lau angelijua kuwa ni shilingi laki saba za mayatima wa nduguye huenda asingelisamehe, au huenda isingelikuwa haki yake kuzisamehe. Wanazuoni wametaja njia: asiyeweza kupata kiasi kamili atajiwe ukomo ambao ni yakini kuwa deni halijaupita, naye asamehe mpaka ukomo huo hali ya kuwa anajua. Na tena msamaha huo ni wa deni. Ama kitu kilichopo, kama bidhaa ghalani au kiwanja, hutolewa kwa hiba na kukabidhi.

Suala: Je, hayo si kuufanya moyo wa mtu kuwa mgumu? Msamaha si bora kuliko hesabu?

Jawabu: Msamaha ni bora, na kwa ubora wake haufai kunyang'anywa. Msamaha ni sadaka ya mwenye haki, na mtu hawezi kutoa sadaka mpaka aonyeshwe mali yake. Mwenye kumharakisha aliyedhulumiwa asamehe kabla hajajua alichonyimwa, amemdhulumu mara ya pili, na mara hii amemnyang'anya thawabu zake.

Ushahidi wa mpango huu umo katika hadithi ya Ummu Salama (R.A.A.), iliyopokewa na Bukhari na Muslim, na katika Abu Daud ina ziada yenye faida kubwa. Watu wawili walimwendea Mtume (S.A.W.) wakigombania mirathi ya zamani iliyokwisha kufutika athari zake, wala hawana ushahidi. Mtume akawaeleza kuwa yeye ni mwanadamu, na huenda mmoja akawa mjuzi wa kueleza hoja kuliko mwenziwe, akahukumiwa kwa alichokisema. Na atakayehukumiwa kitu kilicho haki ya nduguye, basi aliyokatiwa ni sehemu ya moto. Watu wale wakalia, na kila mmoja akamwambia mwenziwe kuwa haki yake amemwachia. Hapo Mtume hakuwaambia waende zao kwa kuwa wameshaachiana. Aliwaamuru wagawane, na wajitahidi kuipata haki, kisha wapige kura, na mwisho ndipo kila mmoja amhalalishie mwenziwe. Jua basi mpango wake: hesabu, kisha ugawaji, kisha kuhalalishana.

Na hadithi hiyo hiyo inamtosha mwenye kutegemea mahakama. Katika Kenya, Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 170, imewapa makadhi mambo ya ndoa, na talaka, na mirathi, na hali za mtu, kwa Waislamu wanaoikubali mahakama hiyo. Ugomvi wa washirika walio hai haumo humo. Huenda katika mahakama za serikali, na kwa madai yasiyozidi shilingi milioni moja iko mahakama ya madai madogo. Tena wagomvi wana ruhusa ya kumchagua mwamuzi wao, kwani sharia imejuzisha wagomvi wawili kumhukumisha mtu mwenye sifa za ukadhi, na sheria ya nchi ya mwaka 1995 nayo imeutambua uamuzi wa namna hiyo ukiandikwa. Lakini mahakama hutazama jina lililo katika leseni na katika hati ya kampuni. Ndugu aliyeandikisha duka la wote kwa jina lake peke yake kwa kuepusha usumbufu, huenda akashinda kwa karatasi ile, na hukumu itekelezwe. Hukumu ya hakimu haihalalishi haramu. Atatoka mahakamani na duka mkononi, na katika duka hilo imo ile sehemu ya moto.

KHATIMA

Basi kila mwenye mshirika na afanye mambo manne kabla mwezi huu haujaandama mwingine. Aandike rasilimali ya kila mmoja na fungu la kila mmoja, ashuhudishe watu wawili. Ataje ujira wa kila mwenye kufanya kazi, akiwa mwanawe au nduguye. Atenge fedha za duka na fedha za nyumba yake. Na kama iko mirathi iliyolala ndani ya duka, aite warithi wote, wanaume na wanawake, aifungue mbele yao. Mama na dada waambiwe kiasi cha mafungu yao kwa shilingi, kisha waachwe wachague: wachukue, au waache biasharani kwa mkataba, au wasamehe hali ya kuwa wanajua.

Imepokewa kuwa Saib bin Abi Saib, aliyekuwa mshirika wa Mtume (S.A.W.) katika zama za kabla ya Uislamu, alikuja kumsifu kuwa alikuwa mshirika mwema, asiyezozana wala kubishana. Sifa hiyo ilitoka kinywani mwa mtu aliyefanya naye hesabu. Na kila Mwislamu mwenye duka na atake kusifiwa na mshirika wake kwa sifa hiyo, akiwa hai, na kusifiwa na mayatima wa mshirika wake akiwa kaburini.

Mwenyezi Mungu awaunganishe ndugu waliotengana kwa ajili ya mali, na awape wenye kushika mali za watu nguvu ya kuzitoa kabla ya siku ambayo madeni hulipwa kwa mema ya mtu. Amin. Wallahu aalam.